Pale Asipopita Msellem

Vespa ilikuwa imeshapita Mtambile, inaelekea bandari ya Mkoani. Vuai alikuwa mbele ameshika usukani, na Silima nyuma amelipakata gitaa kama mtu aliyempakata mtoto mgonjwa, limefungwa kwa shuka ya mkewe, fundo juu na fundo chini. Hawakuwa wakisemezana sana. Upepo ulikuwa mwingi, barabara ilikuwa mashimo, na juu ya hayo mwaka wenyewe ulikuwa elfu mbili, uchaguzi wa pili wa vyama vingi umeshabisha hodi, na Pemba nzima watu wa pande mbili walikuwa hawapandi chombo kimoja. Vuai alikuwa wa upande ule, Silima wa upande huu. Upi ni upi, leo haisaidii kitu. Siku zile hata mbuzi alijulikana chama chake kwa ukuta alioegemea.

Walipopita maskani ya njia panda, kijiwe cha wanachama, watu waliokuwa wakicheza bao walinyanyua vichwa wote kwa pamoja.

"Wametuona!" Silima akampigia kelele mwenzake sikioni.

"Na watuone! Nikiulizwa n'tasema nakwenda kukutupa baharini."

Silima akacheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Alikuwa na umri wa kuitwa mzee na watoto wa watu, na ndiyo kwanza anatoka kwenda kutafuta jina.

Kabla ya vyama vingi wao wawili walikuwa bendi moja pale Madungu, Vuai akipiga ngoma na Silima akipiga gitaa. Vyama vilipoingia, bendi ikagawika kama shamba la urithi: nusu ikaondoka na ngoma, nusu ikaondoka na spika. Ikawa harusi za upande huu zinalia bila ya kishindo, na za upande ule zina kishindo bila ya sauti. Watu wakenda hivyo hivyo, wakala pilau, wakarudi makwao wakisema walifurahi.

Kitu kimoja tu kilikataa kugawika, nacho ni mkono wa Msellem.

Msellem alikuwa mtu wa Wambaa. Ujana wake aliumalizia melini, na huko, katika bandari ambayo kila akiulizwa alitaja nyingine, alikutana na mpishi mmoja Mmarekani mweusi aliyempa gitaa na akampa bluzi. Bluzi ni muziki wa mtu aliyebanwa. Gumba linapiga besi kama miguu ya mtu anayetembea na mzigo, na vidole vingine vinalia juu yake. Msellem akaja nayo Pemba, na akaja pia na kidole kibovu. Kamba ya meli ilikuwa imekinyonga kidole cha pete cha mkono wake wa kushoto. Kikapona kimekunjika na hakikunyooka tena. Basi pale ambapo mpigaji mwingine angebonyeza uzi kwa kidole kile, Msellem aliuvuta uzi kwa kidole cha kati mpaka sauti ikafika pale pale, lakini ikafika kwa kuchelewa na kulalama. Mlalamo ule ndio uliowapagawisha watu.

Na Msellem hakufundisha kwa mdomo. Ukimwendea alikukalisha mbele yake, goti kwa goti, akakwambia neno moja: "Tazama." Watu wakatazama. Wakachukua gumba, wakachukua mlalamo, wakachukua na kidole kilichokunjika. Vijana wazima, vidole vyao vimenyooka kama misumari, wakishika gitaa wanakikunja kile cha pete kiganjani kama mtoto aliyeficha peremende. Msellem alikuwa mvuta tumbaku, na kabla ya ubeti wa mwisho alikuwa akikohoa. Nao wakakohoa. Kutoka Mkoani mpaka Konde, mpigaji akifika ubeti wa mwisho hukohoa, na wasikilizaji wasipokisikia kikohozi hujua bado wana muda wa kunywa soda. Wapigaji wa pande mbili hawakukubaliana hata juu ya mwezi mwandamo, lakini kidole wote walikunja, na kikohozi wote walikohoa.

Silima ndiye aliyekalishwa goti kwa goti kabla ya wenziwe, na ndiye aliyeushika mkono ule kuliko wote. Hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yake. Akitoa wimbo, mtu wa nyuma husema, "Msellem huyo!" Akiuzidisha, husema, "Msellem hasa!" Harusi moja ya Chake, bibi harusi mwenyewe alimtuma shoga yake kutoka ndani: "Mpe ahsante Mzee Msellem." Silima siku ile hata ndevu zilikuwa hazijamjaa. Alirudi nyumbani, akalitupa gitaa juu ya kabati, na Raniya, mkewe, akamwambia, "Lishushe, litamwangukia paka." Akalishusha. Akalipiga. Likatoka la Msellem.

Kisha akapata habari za Ridha. Huyu Ridha asili yake Wete, lakini alikuwa Unguja miaka mingi, ana bendi, na bendi inataka kwenda Maskati kupiga msimu mzima. Silima akenda kumpigia simu.

"Wapigaji wa Pemba ninao tele," Ridha akamwambia. "Wanakuja kila wiki. Wote mtu mmoja. Mie Msellem ninaye wa kunitosha mpaka kaburini. Wewe una lako mwenyewe?"

"Ninalo."

"Lako la kweli?"

"La kweli, wallahi."

"Basi njoo Ijumaa. Tukishapanda ndege hakuna tena. Na ukinikoholea tu, nauli ya kurudi juu yako."

Na kweli Silima alikuwa nalo. Ulikuwa wimbo aliotunga mwenyewe, "Matope ya Ole". Mwaka mmoja wa masika makubwa aliletewa habari pale Madungu kwamba mama yake, Bi Mwanakhamis, yu hoi huko kijijini. Akapanda baiskeli. Ilipofika Ole baiskeli ikazama matopeni mpaka mnyororoni. Akaisukuma, akaibeba begani, akaitupa kichakani, akarudi kuichukua kwa sababu ilikuwa ya kuazima. Alipofika kwao walikuwa wameshamkosha maiti na wanamvisha sanda. Wimbo wenyewe ulikuwa wa tope lile, na wa kuchelewa kule, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa na haki nao.

Lakini kila alipojaribu kuupiga, ulitoka unalalama kwa sauti ya mtu mwingine. Ikambidi aufunze mkono upya. Alikifunga kidole cha pete kwa kijiti cha mwanzi na kitambaa ili kisipate kukunjika, akapiga hivyo mwezi hata mwezi, kidole kikivimba, Raniya akiwaambia majirani kwamba mumewe ameteleza kisimani. Kikohozi nacho alikiua kwa kumeza mate. Siku alipokifungua kidole na kikasimama peke yake, wimbo ulitoka kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika kisiwa kile. Ulikuwa haulalamiki. Ulikuwa unasukuma. Silima alilia, kisha akafunga mlango. Hakuupiga harusini hata siku moja, asije mtu akautazama.

Sasa alikuwa Mkoani na gitaa lake, na Mkoani hapakuwa na meli.

Palikuwa na watu, na makapu, na majogoo waliofungwa miguu. Meli ya Unguja ilitakiwa iwepo tangu asubuhi, na ndiyo ya mwisho kabla ya Ijumaa. Mmoja alisema imechukuliwa kupeleka watu mkutanoni. Mwingine akasema ni injini. Wa tatu akasema ukiona mtu anasema injini jua kadi yake ya rangi gani, wakataka kushikana. Karani wa tiketi alisema itakuja inshallah, na alipoulizwa saa ngapi akasema ameshajibu.

"N'takaa nawe mpaka uondoke," alisema Vuai. "Nikikuacha hapa utapiga gitaa, watakusanyika watu, na askari watasema ni mkutano wa hadhara."

Walikuwa wakila mihogo ya kukaanga pale sokoni walipoitwa.

"Silima! Si wewe huyo na gitaa? Wakimbia nini?"

Alikuwa Mwatum, binti wa Msellem, ameketi nyuma ya sinia lake la samaki.

"Sikimbii, Bi Mwatum. Nasafiri."

"Mtu akisafiri huaga. Baba yuko kwangu Makoongwe, mikono inamtetemeka, macho hayaoni. Kila chombo kikija anauliza, Silima yumo? Mie naona haya kumjibu." Akawafukuza nzi kwa ukili. "Au kwa sababu hapigi tena? Ndizi imeshaliwa, ganda la nini."

Neno lile lilimchoma Silima, maana lilikuwa kweli, ijapokuwa si kwa sababu aliyoidhani Mwatum. Hakuwa akimkimbia mzee kwa kuwa amezeeka. Alikuwa akimkimbia mkono wake. Lakini pale pale likamjia wazo, na lilikuwa wazo la majivuno. Kwa nini asivuke mpaka kisiwa kile cha Makoongwe, akampigia mzee "Matope ya Ole", na mzee mwenyewe, mwenye mali, akasema kwa kinywa chake: hii si yangu? Msellem akisema hivyo, nani tena duniani wa kubisha? Ataingia kwa Ridha na kifua mbele.

Akamweleza Vuai.

"Usende," alisema Vuai.

"Kwa nini?"

"Mtu hamwoneshi fundi wake kanzu aliyojishonea mwenyewe asubuhi ya Idi. Atatafuta mshono tu."

"Makoongwe ni pale. Meli ikiingia n'taiona."

"Kuiona si kuipanda, yakhe."

Silima alikuwa ameshabeba gitaa. Mwatum akafunika sinia lake, Vuai akabaki gatini, na wao wawili wakashuka, wakaingia kwenye kiboti cha mashine cha jirani yake, wakavuka. Mwenye kiboti akasema atasubiri pale pale ufukweni, Silima akitaka kurudi aje tu.

Mzee Msellem alikuwa barazani, juu ya kitanda cha kamba, mgongo kwenye mto, blanketi magotini japokuwa jua lilikuwa kali. Alikuwa amebaki pua na masikio. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya blanketi ikitikisika peke yake, kama vitu visivyokuwa vyake.

"Assalamu alaykum, Mzee."

"Waalaykumu salaam. Nani?"

"Silima."

"Silima gani? Masilima wengi."

"Silima wa Madungu."

"Aa. Yule mwizi." Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Njoo nikushike."

Akamshika mkono wa kushoto, akaupapasa mpaka akakifikia kidole cha pete. Akakinyoosha. Akakibonyeza.

"Hichi kimekuwaje? Kigumu kama ufito."

"Nimekinyoosha, Mzee."

"Kilikukosea nini?"

Silima alilifungua gitaa, akakaa juu ya kibao, si mbele ya mzee goti kwa goti bali ubavuni, akakaza nyuzi.

"Mzee, nataka usikilize kitu. Ukisha uniambie kweli tupu."

"Mie siku zote nasema kweli."

"Ee Mola, sikia hayo," alisema Mwatum kutoka jikoni.

Silima akapiga. Akaupiga ubeti wa kwanza, tope likashika magurudumu. Akaupiga wa pili, akaibeba baiskeli begani. Kidole kilikuwa kimesimama, kila sauti ikafika kwa wakati wake, gumba chini likisukuma, likisukuma. Alijua anapiga vizuri. Alipokuwa anataka kuingia wa tatu, mzee akanyanyua mkono mmoja unaotetemeka.

"Umeipata wapi hii?"

"Nimetunga."

"Umetunga." Mzee akalitafuna neno lile. "Hii nilikuwa nikiipiga mie kabla ya kamba kunila kidole. Nilikuwa na vidole vyangu vyote vitano na hivi ndivyo nilivyokuwa nikipiga. Mpishi alikuwa akisema, Msellem, piga ile ya kusukuma."

Silima akahisi masikio yake yanapata moto.

"Mzee, hii ya mama yangu. Nimeitoa matopeni siku aliyokufa."

"Allah amrehemu. Maneno ya mama yako. Mkono wangu."

"Usinifanyie hivyo."

"Umetaka kweli tupu."

Mwatum akachomoza kichwa mlangoni. "Silima, usimsikilize. Baba kila kitu chake. Juzi kasema muadhini wa Mkoani kamwibia sauti."

"Kaniibia," alisema mzee. "Ile ya kuvuta mwisho."

Mwatum akacheka, na Silima naye ilikuwa acheke. Pale ndipo alipotakiwa kuinuka, amwombe mzee radhi, arudi zake. Mzee mwongo, binti yake mwenyewe ameshuhudia, mambo yamekwisha. Akaanza hata kukusanya shuka. Lakini mzee alikuwa ameegemea mto, amefumba macho, na taratibu, kwa sauti ya puani, akaanza kuuvumiza ubeti wa tatu. Ubeti ambao Silima alikuwa hajampigia. Ubeti ambao aliupigia Raniya na ukuta tu.

Shuka ikamwanguka.

"Nani kakupigia hiyo?"

"Nani wa kunipigia? Mtu akishapita Mtambile, akikaza mwendo, atatokea wapi? Mkoani. Njia ni hiyo hiyo, mwanangu, n'meikata mie."

"Si lazima itokee huko!"

"Basi ipeleke kwengine."

Silima akakaa tena. Ghadhabu ilikuwa imemshika, ghadhabu ile ya mtu anayesukuma mlango ambao hajui unafunguka upande gani. Akauanza ubeti wa tatu, na badala ya kupanda akashuka, akaingia kwenye nyuzi nene.

"Huko nilikwenda nikiwa Tanga," alisema mzee.

Akakata, akapanda juu kabisa, karibu na tumbo la gitaa.

"Huko ndiko kwa mpishi. Hata mie naogopa kukaa sana."

Akaharakisha. Mzee akasema hiyo ya harusi za Kengeja, watu wakila haraka. Akapiga polepole, sauti moja moja. Mzee akasema hiyo ya matanga. Akanyamaza kabisa, mkono juu ya nyuzi, asitoe kitu.

"Kunyamaza ndiko nilikoanzia," alisema mzee. "Mpishi alinikataza kugusa mpaka tufike bandarini."

"Hata nikiukata uzi huu utasema ni wako!"

"Kuufunga nani alikuonesha?"

"Mzee Msellem, mie nina miaka arubaini na kitu! Siwezi hata kukohoa! Nikikohoa nyumbani kwangu kwa mafua, mke wangu anafikiri nimefika ubeti wa mwisho!"

"Basi umefanya vizuri kukohoa," alisema mzee kwa utulivu. "Na mie mafua nilikuwa nayo sana."

Mwatum alikuwa amekaa kizingitini sasa, anamparua samaki magamba na kusikiliza, na kutoka pale aliweza kuuona mkondo wote mpaka gatini. Akanyoosha kisu.

"Silima. Meli."

Ilikuwa inaingia kweli, nyeupe, imeinama upande mmoja kidogo. Silima akaitazama. Wataishusha mizigo kwanza, akawaza, kisha watapakia, kiboti kipo. Akageuza uso.

"Mara moja tu."

"Mara moja gani? Kwani mnabishania nini? Mwambie ni yake, ondoka nayo. Nani atajua?"

"Mie n'tajua."

"Basi utajua ukiwa Makoongwe."

Silima alikuwa amelikumbatia gitaa, kichwa kimeinama, anapitapita kwenye shingo yake kama mtu aliyepotezewa ufunguo nyasini. Kila mlango alioufungua alimkuta mzee ameketi ndani. Wakati mwingine mzee alisema, wakati mwingine alivumiza tu puani nusu ya pumzi kabla ya Silima kufika, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Ukweli au uwongo, Silima alishindwa kupambanua. Huenda mzee alipita kote huko. Huenda hakupita hata mahali pamoja, ila alimjua mwanafunzi wake kama mtu anavyoijua ngazi ya nyumba yake gizani. Kwa Silima tofauti haikuwapo. Kwa njia zote mbili hakuwa na kitu.

Meli ikapiga honi.

"Hiyo ya kupakia," alisema Mwatum. Akasimama, akapangusa mikono. "Silima baba, mwenye kiboti anakungoja. Inuka. Ridha huyo ulokuwa ukinambia njiani, hatakusubiri."

"Nainuka."

Hakuinuka. Akauanza wimbo tangu mwanzo, tope, baiskeli, bega, na alipofika ubeti wa tatu, kwa kuchoka, kwa jasho, kidole cha pete kikateleza. Hakikukunjika wala hakikunyooka. Kikakaa katikati, kikagusa uzi kwa ubavu, na uzi ukatoa sauti ambayo haikulalama wala haikusukuma. Ilikuwa kama mtu aliyefika mlangoni akakuta watu wanatoka, na bado hajaambiwa kitu. Silima akaifuata. Ikampeleka hatua kadhaa, pahala ambapo hapakuwa na mtu. Akaisikiliza ile sauti ya puani ya mzee. Kimya. Hakuna aliyevumiza, hakuna aliyesema Tanga.

Nywele zikamsimama.

"Hii je?" akasema, hajanyanyua kichwa. "Mzee, hii je? Hii ulipita?"

Akanyanyua kichwa. Mzee Msellem alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono imetulia kidogo juu ya blanketi.

"Mzee!" Akamtikisa bega. "Mzee, amka! Hii je?"

"Eh? Ipi?"

"Ya sasa hivi!"

"Sikusikia. N'lipitiwa. Rejea."

Silima akarejea. Tope, baiskeli, bega, akaingia wa tatu, akakiachia kidole kiteleze. Kikakunjika.

"Hiyo yangu," alisema mzee.

"Siyo hiyo! Ngoja!" Akarejea. Akakiregeza. Kikanyooka kama ufito.

"Na hiyo pia. Ya kabla ya kamba."

"Ngoja, nimekwambia!"

Honi ikalia tena, ndefu. Ng'ambo, gatini, Vuai alikuwa amesimama juu ya kitu, amevua kofia, anaipunga huku na huku kama mtu anayefukuza kunguru. Mwenye kiboti akaja mpaka barazani akasema, "Bwana, waenda au huendi? Maana wanavuta ngazi." Silima alimwona mtu midomo inacheza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika shingo ya gitaa, na kidole cha pete kilikuwa kinapapasa juu ya uzi, kinatafuta lile pahala la katikati, sehemu ndogo kuliko punje ya mtama, ambayo alikuwepo juu yake sasa hivi na hakuiwekea alama.

"Rejea tangu matopeni," alisema mzee. "Safari hii silali."

Silima akarejea tangu matopeni. Mwatum akaingia ndani kutazama wali. Meli ikageuka taratibu, ikaonesha upande wake ulioinama, ikatoka.

Alirudi Mkoani baada ya swala ya alasiri. Vuai aliipiga teke Vespa mpaka ikawaka, wakarudi Chake.

Ridha hakungoja. Alimchukua Maher wa Wete, aliyekuwa ametangulia Unguja wiki ile. Maher hukunja kidole na hukohoa. Maskati walimpenda. Alibaki huko, akaoa, na sasa ana duka la vitambaa, gitaa hagusi.

Mzee Msellem alifariki mwaka uliofuata, kabla ya Ramadhani. Alizikwa Wambaa. Watu wa pande mbili walikuja kwa makundi mawili na wakaondoka kwa makundi mawili.

Vuai alihama Pemba baada ya uchaguzi ule. Yuko Tanga, anauza mbao.

Silima hakwenda Unguja. Aliendelea kupiga harusini miaka mingine kumi hivi, mpaka vidole vilipoanza kumfa ganzi, kisha akawa mlinzi wa ghala. Lile pahala la katikati hakulipata tena. "Matope ya Ole" aliupiga mara chache, watu wakautazama, na sasa unapigwa mpaka Konde. Wanauita wimbo wa Msellem.

Mwatum ameacha kuuza samaki kwa sababu ya magoti. Anaishi Mkoani kwa mwanawe.

Raniya yu hai. Ana sukari.